Bafu Jipya, Kisima cha Zamani

Msomaji mpenzi, safari yetu ya Jumapili hii haikupeleki ufuoni. Wengi wavukao feri ya Likoni kuelekea kusini hufuata mchanga mweupe wa Diani, pweza wa Msambweni au pomboo wa Shimoni, na wakirudi nyumbani huwa na picha za bahari. Leo twaipita njia ile ile, lakini kwa shughuli ambayo watu wazima huizungumzia kwa sauti ya chini. Twaenda kuangalia bafu na choo.

Usicheke. Wahenga hawakukosea waliposema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ukitaka kumjua mwenye nyumba vizuri, usitazame makochi yake ya sebuleni. Omba kuonyeshwa msalani.

Mwenyeji wetu ni mama mmoja wa Msambweni aliyepita umri wa miaka 70. Nyumba yake ilijengwa na marehemu mumewe kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, kisha ikaezekwa makuti. Kama nyumba nyingi za Pwani, ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Kisima kiko uani. Choo nacho kiko mbali, nje ya ua kabisa, chini ya mkorosho ulio upande wa baharini. Watoto wa nyumba ile walikua wakilalamika kwamba baba yao alikitupa choo karibu na barabara, mahali ambapo kila mpita njia humwona mtu akienda na kopo lake.

Wakati wa masika mama huyo aliteleza usiku akiwa njiani kwenda huko. Hakuvunjika, lakini alilala chini kwenye matope hadi alipofika mjukuu na taa. Asubuhi yake wanawe walipigiana simu. Kwa kauli moja wakakubaliana kumwongezea bafu na choo kando ya chumba chake cha kulala, mlango kwa mlango, asitoke tena nje usiku. Sharti lake lilikuwa moja tu: nyumba ya mumewe isiharibiwe sura. Nami nikaalikwa na kifungua mimba wake, rafiki yangu wa miaka mingi, twende pamoja kumsikiliza fundi.

Tuandamane basi, msomaji, kwa maana njiani yapo mengi ya kujifunza kabla ya kufika.

Njia ya mawe na maji

Ukishuka kwenye feri, au ukizungukia barabara ya Dongo Kundu ikiwa una gari lako, utashika barabara kuu iendayo Lunga Lunga. Utapita Ng'ombeni, Waa na Kombani, ambako njia ya Kwale mjini huchepuka na kupanda milima ya Shimba. Endelea mbele hadi Tiwi. Tazama pande zote mbili na utaona jinsi mawe yanavyochongwa ardhini na kupangwa kando ya barabara, yakingoja malori. Mawe hayo ni matumbawe, yaani miamba ya bahari ya kale iliyobaki nchi kavu maji yalipoteremka. Nyumba ya Pwani huchimbwa chini ya miguu ya mwenyewe.

Shika jiwe moja ulitazame kwa karibu. Lina matundu matundu kama mkate wa mofa. Matundu hayo ndiyo sifa yake, kwa kuwa jiwe huwa jepesi na chumba hubaki baridi. Hayo hayo ndiyo hatari yake, kwa sababu mwamba wote ulio chini yako uko hivyo, umejaa mianya na njia za siri. Maji hupita humo upesi bila ya kuchujwa vya kutosha.

Na maji yapo. Visima virefu vya Tiwi hulisha mabomba ya sehemu kubwa ya pwani hii, na visima vifupi vya majumbani havihesabiki. Kuanzia mwaka 1983, wilaya ya Kwale, kama ilivyoitwa enzi hizo, ilikuwa mahali pa kujaribia pampu za mkono. Wanawake wa vijijini walifundishwa kuzifungua na kuzitengeneza wao wenyewe. Kutokana na majaribio ya hapa na yale ya Malawi ikazaliwa pampu ya Afridev, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia. Kwa hivyo ukimwona mama wa Kwale akiinua na kushusha mpini wa pampu, elewa kwamba mkono wake ni sehemu ya historia ya maji ulimwenguni.

Habari nyingine haikuwa tamu. Mwaka 1997 mtaalamu Mwakio Tole alichapisha utafiti kuhusu uchafuzi wa maji ya ardhini katika pwani hii ya Kwale. Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Watu wameongezeka, viwanja vimegawanywa vikawa vidogo, na kila kiwanja chataka kisima chake na shimo lake la choo. Mwamba haujui mpaka wa kiwanja. Liweke neno hilo akilini, tutalirudia tufikapo Msambweni.

Bafu la ndani si la kigeni

Tukifika Ukunda tuliacha barabara kuu, tukateremka Diani. Mahali mto Mwachema unapoingia baharini, katikati ya mibuyu, umesimama msikiti wa kale wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, na waumini wanasali humo hadi leo. Ukiutazama msikiti wowote wa kale wa Pwani utaona kwamba waliojenga walianza na maji: kisima, birika, mahali pa kutawadha na kunawa miguu. Usafi haukuwa nyongeza, ulikuwamo tangu kwenye ramani.

Nasema hivi kwa sababu wako wadhanio kwamba choo cha ndani ni jambo lililoletwa na Wazungu. Hebu vuka Mombasa uende kaskazini hadi Gede, mji wa magofu ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Huko utaona nyumba za mawe za karne nyingi zilizopita ambazo zilikuwa na vyoo na mahali pa kuogea humo humo ndani. Zidi kwenda mbele hadi Lamu, na katika nyumba za mawe utaoneshwa birika la bafuni. Chini ya birika watu walitia visamaki vidogo, navyo vikala viluwiluwi vya mbu. Kata ikachota maji safi, na mbu hakuzaliwa.

Kwa hiyo mama wa Msambweni hakuwa akiomba anasa ya ajabu. Alikuwa akiomba kitu ambacho wajenzi wa Pwani walikijua kabla ya babu zake kuzaliwa.

Diani kwenyewe utaona mengi ya kuiga na machache ya kuepuka. Hoteli na nyumba za wageni zimeyapenda mabafu ya mtindo wa Pwani: ukuta mweupe wa chokaa, shubaka la kuwekea sabuni, boriti darini, uwazi juu ya ukuta upepo upite. Yaliyo mazuri kati yake hayana vitu vingi. Yaliyo mabaya yamejaza vigae vya rangi saba na vioo vya kila upande, na ukiingia humo hujui kama uko Diani au katika duka la vifaa vya ujenzi. Isitoshe, mabomba yang'aayo yameshaanza kuoza kwa sababu upepo wa bahari una chumvi, na maji ya visima vilivyo karibu na ufuo nayo yana chumvi. Fundi mmoja wa Ukunda alinipa ushauri wa bure: nunua mfereji wa shaba nzito au wa plastiki imara, na usikubali kamwe mchanga wa ufuoni utiwe kwenye zege yenye nondo. Chumvi italila chuma polepole na siku moja dari itakudondokea kichwani ukiwa na mapovu ya sabuni.

Mkoko ndio uliopima chumba

Tulirudi barabara kuu tukapita Mwabungo hadi Gazi. Hapo nilimwomba rafiki yangu asimame kidogo tuitazame mikoko.

Umepata kujiuliza, msomaji, kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu lakini vyembamba? Jibu liko kwenye matope ya Gazi na mahali pengine kama hapo. Dari ilibebwa na boriti, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Haiwezi kuvuka chumba kipana bila kupinda. Basi upana wa chumba ukawa mita mbili na nusu hivi au tatu, na macho ya watu wa Pwani yakazoea kipimo hicho. Ndiyo sababu chumba kipya cha mita nne kwa nne, kikibandikwa kwenye nyumba ya namna hiyo, huonekana kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba, hata ukikipaka rangi ile ile. Ukitaka kiungo kipya kifanane na mwili, anza na kipimo kabla ya rangi.

Siku hizi mikoko haikatwi ovyo. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 huuza haki za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wao. Fedha hizo zimesaidia shule, na zimeleta maji karibu na watu. Kwa maneno mengine, mti uliokuwa ukikatwa kujengea bafu sasa unaachwa umesimama, nao unaleta maji ya kuogea. Kwa hivyo nunua boriti chache zenye kibali, au tumia mbao za miti ya kupandwa. Na usithubutu kugusa mti wa Kaya Kinondo au kaya nyingine yoyote. Hiyo ni misitu ya wazee, na mwaka 2008 kaya takatifu za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mama auliza swali moja

Msambweni tulifika kabla ya adhuhuri. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni barazani." Tukanywa chai ya tangawizi, tukala mahamri, na fundi akafika na kamba, timazi na pima maji. Alikuwa mzee wa miaka 60 hivi, mtu wa maneno machache.

Rafiki yangu alitoa karatasi aliyochorewa jijini Nairobi. Mchoro ulikuwa mzuri. Bafu limewekwa nyuma ya chumba cha mama, upande wa uani, nalo tangi la maji machafu limewekwa papo hapo nyuma ya ukuta ili bomba liwe fupi na gharama ipungue. Fundi aliutazama, akatikisa kichwa kukubali kuhusu bafu.

"Upande huu ni sawa," alisema. "Kusi na kaskazi zote mbili hutufikia zikitoka baharini. Choo kikiwa nyuma, upande wa magharibi, upepo huchukua harufu ukaipeleka bara, haiingii chumbani. Na jua la alasiri litapiga ukuta huu likaushe unyevu."

Kisha mama, aliyekuwa amekaa kimya, akauliza, "Mwanangu, choo hiki mwanijengea mimi au mwakijengea kisima?"

Hakuna aliyejibu. Fundi aliinuka, akaanza kuhesabu hatua kutoka mahali palipochorwa tangi hadi kwenye ukingo wa kisima. Hatua 11. Rafiki yangu aliangalia chini.

Hapo ndipo lilipo fumbo la pwani hii, msomaji, na ningependa ulishike vizuri kwa sababu michoro mingi ya mijini hailijui. Upepo hutoka baharini ukaenda bara. Maji ya chini ya ardhi hutoka bara, kwenye vilima, yakaenda baharini. Mambo mawili hayo yanapingana. Ukiifuata pua, utaweka kila kitu nyuma ya nyumba. Lakini ukiweka shimo nyuma ya nyumba, uchafu wake utasafiri chini kwa chini pamoja na maji, na kisima kiko njiani. Pua itafurahi, tumbo litaugua.

"Sasa mwaona kwa nini baba yenu alikiweka choo kule chini ya mkorosho?" mama aliuliza. "Mlikuwa mkimcheka. Nami nilimgombeza, maana siku za kusi harufu ilikuwa ikitujia hapa barazani. Alinijibu kwamba harufu huja ikapita, lakini kisima kikiharibika hakirudi."

Miaka yote ile watoto walidhani ni uzembe. Kumbe ule umbali uliomchosha mama na kumwangusha usiku ndio uliolinda maji waliyokunywa tangu utotoni.

Mkutano wa barazani

Hoja ikawa hii: bafu liletwe karibu na mama bila ya kuleta uchafu karibu na kisima. Fundi akaigawanya kazi mara mbili. Chumba cha bafu kikae pale pale nyuma, kama mchoro ulivyosema, kwa ajili ya upepo na jua. Tangi lihamishwe upande wa baharini, karibu na mkorosho. Bomba la inchi 4 lipite chini ya ardhi kando ya ukuta wa kusini, na kila mita moja literemke sentimita 2 na nusu ili uchafu usikwame. Ardhi yenyewe inateremka kuelekea baharini, kwa hivyo mteremko ulipatikana bila ya kuchimba sana. Kila pinda pawe na kifuniko cha kufungulia bomba likiziba.

Kanuni inayotajwa sana ni kwamba shimo la choo lisikaribie kisima kwa chini ya mita 30. Fundi alisema kwenye ardhi ya matumbawe yeye huihesabu hiyo kuwa mwanzo tu, kwa sababu ya ile mianya. Mahali papya palikuwa zaidi ya mita 40 kutoka kisimani. Rafiki yangu akapumua.

Mama akauliza swali la pili. "Na kisima cha jirani?"

Ilitubidi twende kwa jirani, tubishe hodi, tuketi, tueleze. Kisima chake kiko upande wa kaskazini, mbali na mkondo wa maji. Alifurahi kuulizwa, kwa kuwa alikuwa na habari za mtu aliyeamka asubuhi akakuta shimo la mwenzake limechimbwa nyuma ya ukuta wake. Ningekushauri nawe ufanye hivyo kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Kibali cha ujenzi utakiomba katika serikali ya kaunti, na ni lazima ukiombe. Lakini kibali cha jirani hukipati kwa kulipia ada.

Tangi lenyewe lilikubaliwa liwe na vyumba viwili, sakafu na kuta zake zipigwe lipu ya saruji zisivuje hata tone. Maji yanayotoka kwenye chumba cha pili hayatatiwa kwenye shimo refu lichimbwalo hadi kwenye mwamba. Yatasambazwa juu juu, kwenye mtaro mfupi wenye kokoto na mchanga, na kandokando itapandwa migomba. Udongo huchuja, mwamba wenye mianya hauchuji. Bomba la kutolea hewa litasimama juu kupita paa, ili siku za kusi baraza lisipate tena shida ya zamani.

Kuunganisha bila kushona vibaya

Mambo ya chini ya ardhi yalipokwisha ndipo tukazungumza sura. Hapa fundi alinifundisha mambo ambayo naona nikupe, huenda nawe una nyumba ya wazee unayotaka kuitunza.

La kwanza ni mlango. Usitoboe ukuta mpya wa kupitia. Tafuta dirisha lililopo, uvunje sehemu ya chini tu hadi sakafuni, na kizingiti cha juu kibaki kama kilivyo. Ukuta wa zamani umekwisha kutulia chini ya kizingiti hicho, ukiugusa utatafuta pengine pa kupasukia. Dirisha la chumba cha mama lililokuwa likitazama uani likawa mlango wa bafu lake.

La pili ni maungio. Msingi mpya utatitia kidogo, wa zamani hautitii tena. Ukizifunga kuta mbili hizo kwa saruji ngumu, mwaka wa kwanza utaona ufa. Acha nafasi ya sentimita moja au mbili, ijazwe kitu laini, kisha izibwe kwa ubao mwembamba.

La tatu ni lipu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, na baada ya misimu michache lipu hubambuka vipande vipande. Ndani ya bafu, pale maji yanapopiga, weka saruji au vigae hadi usawa wa bega. Kwingine kote, ndani na nje, tumia chokaa. Weupe utakuwa mmoja na nyumba haitaonekana imevaa kiraka.

La nne ni paa, nalo ndilo lililotuchukua muda mrefu. Makuti hutaka mteremko mkali ili maji yakimbie. Ukilirefusha paa la zamani lifunike bafu, ukingo wake utashuka hadi kifuani na mtu ataingia akiinama. Isitoshe, mvuke wa bafu huozesha makuti upesi. Fundi akashauri bafu liwe na paa lake dogo, chini ya ukingo wa makuti, la mabati yaliyofichwa nyuma ya ukuta mfupi uliopakwa chokaa, kama yalivyo mapaa bapa ya nyumba za mawe. Ukisimama uani huyaoni mabati. Faida nyingine ni kwamba maji ya mvua ya mabati yakingwa kwa mfereji hadi kwenye tangi dogo, na kusafishia choo kukapatikana bila kugusa kisima. Maji yateremkayo kwenye makuti hutoka na rangi kama ya chai, nayo yatolewe njia yake kando.

La tano ni kipimo, yale niliyokwambia Gazi. Upana uwe mita mbili na nusu, kama chumba cha mama, na urefu utakavyo. Sakafu iwe chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 5, tena iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Pawe na ngazi moja fupi? Rafiki yangu alidhani ndivyo. Fundi akamwangalia mama na fimbo yake, akasema hapana, itakuwa mteremko laini, na ukutani patiwe chuma cha kushikilia. Sakafu isiwe ya vigae vya kung'aa. Itakuwa ya saruji iliyokwaruzwa kidogo, unyayo upate kushika.

La mwisho fundi aliliuliza mwenyewe. "Kibla chenu ni huku?" akanyoosha mkono kaskazini. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa pwani yetu hii. Basi kiti cha choo kikaelekezwa mashariki na magharibi, asiyekikalia asielekee kibla wala asikipe mgongo. Mchoro wa Nairobi ulikuwa umekiweka kinyume. Hakuna aliyekasirika, kalamu ilifuta tu. Lakini fikiria, msomaji, kama kingekwisha kujengwa hivyo. Mama angekuwa na bafu zuri kuliko yote ya mtaa wake, na angeendelea kwenda na kopo chini ya mkorosho.

Kurudi

Tuliondoka jua likizama nyuma ya milima ya Shimba. Gharama ilikuwa imepanda, kwa sababu bomba refu si bure na tangi la kuzibwa vyema hula saruji nyingi. Rafiki yangu alikuwa ameamua kuacha vigae vya bei aliyokuwa ameviagiza ili fedha ziende chini ya ardhi, mahali ambapo mgeni hataziona kamwe.

Naye mama alitusindikiza hadi barazani. Nilimuuliza kama ameridhika kwamba nyumba ya mumewe haitabadilika sura. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sura ni kitu kidogo, mwanangu. Maji yakibaki matamu, nitajua ni nyumba ile ile."

Nawe msomaji, ukipata nafasi nenda Kwale. Oga baharini Diani, ule samaki Msambweni. Lakini ukirudi kwako, kabla ya kumwita fundi akuongezee bafu, simama kwenye ukingo wa kisima chako na uhesabu hatua. Kisha uhesabu hadi cha jirani. Jumapili njema.